Aliyeitwa Salama na Salome

Hapo zamani, wasikilizaji wangu, mji wa Mlowoka uligawanywa na mto: Waislamu ng'ambo hii, Wakristo ng'ambo ile. Waligombania kiwanja cha makaburi, na mwaka mmoja ugomvi ukawa vita.

Siku ya vita, katekista Anselmi aliwafungia jirani zake ndani, mume, mke na binti yao wa miaka mitatu. Akatia kufuli kwa nje ili maadui wadhani nyumba ni tupu, akakimbia na ufunguo. Akaja Feruzi, mpiganaji wa upande wa Waislamu, akaona kufuli, akadhani hamna mtu, akaitia nyumba moto. Mara akasikia kilio. Akauvunja mlango unaowaka, akaingia, akatoka na mtoto peke yake; wazazi waliteketea humo. Vidole vya Feruzi viliungua, havikunyooka tena mpaka anakufa.

Feruzi akamlea mtoto miaka saba, akamwita Salama. Amani iliporudi, Anselmi akaja kumchukua, akamsomesha, akampeleka kubatizwa kwa jina la Salome. Mtoto akawaita wote wawili baba. Ijumaa alikwenda kumlisha Feruzi kwa mkono wake, Jumapili alikwenda kanisani na Anselmi.

Wazee wakafa. Naye akazeeka, akafa asubuhi moja. Binti yake, Siwema, hajamaliza hata kumfunga mama yake kidevu, mlango ukagongwa.

"Mwanangu," alisema Mshamu, mwana wa Feruzi, "baba yangu aliingia motoni. Dada yangu atasaliwa msikitini leo hii."

"Moto huo aliuwasha nani?" akauliza Kaspari, mwana wa Anselmi. "Dada alibatizwa. Padri yuko njiani."

"Na kufuli alitia nani?"

Nje vijana wa pande zote mbili walikuwa wamejaa, na panga zilionekana.

"Wajomba zangu, mama aliniambia nimzike pale nyumba ilipoungua, kando ya wazazi wake. Bila shehe, bila padri."

"Nani mwingine alisikia?" wakauliza kwa pamoja.

Hakuna. Aliambiwa yeye peke yake.

Mshamu akashika kitanda kichwani, Kaspari miguuni. Wakavuta. Siwema akajitupa juu ya kifua cha mama yake, akakishikilia kitanda kwa mikono miwili, na huko nje mtu akarusha jiwe la kwanza.

Haya, niambieni ninyi: mwana wa aliyemwokoa kwenye moto aliouwasha mwenyewe, mwana wa aliyemlea baada ya kumfungia, na binti mwenye neno lisilo na shahidi. Je, nani alistahili kumzika?