Ukoko, Mbwa wa Namkunda

Hapo zamani, watu walipokuwa wakiitwa kwa heshima na mbwa wakiitwa kwa makelele, palikuwa na mjane mmoja kijiji cha Mkanyeni, jina lake Namkunda. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa, pale mahindi yanapoishia na msitu unapoanzia. La mwisho kwa watu, la kwanza kwa nyani. Nyani wakishuka na njaa zao walianzia kwa Namkunda, na wakishashiba ndipo walipita kwa wengine kusalimia tu.

Mwaka uliopita walimmalizia mahindi yote. Hata la mbegu hawakumwachia. Na shamba lenyewe lilikuwa la ukoo wa marehemu mumewe, kwa hiyo wazee wa ukoo wakamwita, wakamwambia bila kuzunguka: "Sikia, bibi. Likiliwa tena mwaka huu tunampa mwanamume. Wewe utafunga mzigo wako, urudi kwenu."

Namkunda hakulia mbele yao. Aliondoka moja kwa moja hadi kwa kaka yake, akarudi na mtoto wa mbwa kwenye kikapu.

Mbwa gani, jamani! Manyoya mpaka machoni. Rangi kama kitu kilichosahauliwa jikoni. Dume au jike? Hakuna aliyejua, maana kila aliyeinama kutazama, mbwa alikaa kitako. Ukimzunguka, naye anazunguka, halafu anakaa kitako. Sengondo, shemeji yake Namkunda, mtu asiyekuwa na kazi maalumu, alilala chini kabisa, shavu kwenye vumbi, akisubiri mbwa ainuke. Mbwa akainuka, akasogea, akamkalia usoni.

"Umeona nini, shemeji?" Namkunda akauliza.

"Giza," akasema Sengondo.

Sasa jina. Mkanyeni mtu hakurupuki tu na jina la mbwa. Kule watu hulinda mahindi wakiwa juu ya madungu, kila mmoja na dungu lake, huyu upande huu wa bonde, yule upande ule. Mbwa akiitwa, bonde zima linasikia. Na zamani zile watu walikuwa wakipigana vijembe kwa majina ya mbwa. Marehemu mume wa Namkunda alikuwa na mbwa akimwita Mtanikoma. Ng'ambo ya bonde Mzee Kihedu akatafuta wa kwake, akamwita Nani Kakuita. Basi ikawa kutwa kucha: "Mtanikoma!" "Nani Kakuita!" "Mtanikoma!" "Nani Kakuita!" Mbwa wenyewe walikuwa marafiki, wanalala pamoja mtoni, lakini wenye mbwa hawakusalimiana mpaka mmoja akaingia kaburini. Na Mzee Kihedu aliapa kwamba jina la mbwa wa nyumba ile halitatoka kinywani mwake akiwa hai.

Baraza la kijiji likachoka. Likakata shauri: jina la mbwa lisiwe la mwanamume, lisiwe la mwanamke, lisiwe la kumchoma mtu. Tena halihesabiki kuwa jina mpaka mtu wa nyumba nyingine aliite kwa sauti, na mbwa aje. Mbwa ambaye mahindi yatabeba kabla hajapata jina, huyo ni mnyama wa mwituni, afukuzwe.

Namkunda alikwenda barazani akasimama, kitenge kimemkaa vizuri, akasema: "Atakayempa mbwa wangu jina, mtoto wa kwanza wa mbwa huyu ni wake. Nimeapa."

"Na kama ni dume?" mtu akauliza.

"Basi atatangulia kumposea mke."

Watu wakacheka. Namkunda naye alicheka, lakini tumboni hakukuwa na kicheko, kulikuwa na shamba.

Akaanza kujaribu. Akamwita mbwa Sangito, kwa kuwa hakumjua Sangito yeyote. Mbwa hakugeuka. Lakini kutoka mlima wa pili ikaja sauti: "Naaam!" Kumbe yuko mzee wa jina hilo, kiziwi wa maneno mengine yote ila la kwake. Akateremka na fimbo yake, akapanda tena, amelowa jasho, akafika na kukuta anangojewa na mfupa. Aliutazama ule mfupa. Akamtazama Namkunda. Akauchukua, akaondoka nao bila kuaga.

Akamwita Namsi. Namsi, kiongozi wa kwaya, akaja kuuliza kama amefananishwa sura ama sauti. Akamwita Baraka. Wakaja watatu, wawili wanaume na mmoja mwanamke, wote wamekasirika. Kila jina lina babu wa mtu ndani yake, au shangazi. Na mbwa, kila akiitwa, alikaa kitako.

Jioni moja Namkunda akaketi jikoni akashika tama. Mama mkwe wake, Bi Nanzia, alikuwa pale pembeni ya mafiga, mdomoni jino hakuna, anakwangua sufuria ya ugali kwa mwiko. Mbwa kalala hapo miguuni.

"Ondoa hili limbwa lako," Bi Nanzia akasema. "Naona kama nimedondosha ukoko, nainama kuuokota, kumbe ni mgongo wake. Liite Ukoko tujue moja."

Akasema hivyo, akasinzia.

Namkunda akainua kichwa. Ukoko! Si mwanamume, si mwanamke. Hakuna babu wa mtu aliyewahi kuitwa Ukoko. Akamtikisa mkwewe: "Mama! Mama, umesemaje?"

"Nimesema nini tena? Niache nilale."

Jina likapatikana. Mbwa hakulitaka. "Ukoko!" Anakaa kitako. "Ukoko!" Anajikuna. Sengondo, ambaye kila jioni alipita kwa shemeji yake kwa bahati mbaya, wakati sufuria inaepuliwa, akasema: "Shemeji, huyu hajui faida ya jina. Niachie mimi."

Sasa eleweni jambo moja juu ya Sengondo. Ule ukoko ulikuwa wake. Bi Nanzia alikwangua tu kwa kupoteza wakati, meno hana. Mlaji alikuwa Sengondo, na aliupenda kuliko nyama, kuliko pombe ya muwa, wapo waliosema kuliko mchumba aliyemwacha kwa sababu hiyo hiyo. Lakini kila jioni alisimama nje, ukoko wa moto mkononi, mate yanamjaa, akaita: "Ukoko!" Akamrushia mbwa. Kila jioni. Akakonda, suruali ikafungwa kwa kamba. Mvua za masika zilipokwisha, ukisema "Uko" tu mbwa yuko magotini kwako.

Likabaki la mwisho: mtu wa nyumba nyingine aliite, maana Sengondo, ndugu wa marehemu, alihesabiwa wa nyumba hiyo hiyo. Hapo ndipo watu wote wa Mkanyeni walipopata haya. Namkunda aliwaomba wanaume wa jirani, mmoja mmoja.

"Mimi?" akasema wa kwanza. "Mtu mzima nisimame juu ya dungu nililie ukoko, bonde zima linasikia? Watasema nyumbani kwangu hakupikwi."

"Mke wangu atafungasha," akasema wa pili.

Na wa tatu akajifanya anakohoa.

Mahindi yakabeba. Baraza likatuma ujumbe: kesho tunakuja kumfukuza mbwa asiye na jina. Na nyani nao, kama waliohudhuria baraza hilo, wakashuka mchana ule ule.

Namkunda alikuwa dunguni. Kwa siku nyingi alikuwa amepiga kelele peke yake, na sauti ilikuwa imemkauka. Alifungua mdomo kumwita mbwa, ikatoka pumzi tu. Mbwa yuko mtoni analala na Nani Kakuita, kama alivyokuwa Mtanikoma zamani. Namkunda akarusha mawe kwa kombeo. Nyani dume mmoja mkubwa akalikwepa jiwe, akavunja hindi, akalimenya taratibu huku anamtazama, kama mgeni anayemsubiri mwenyeji alete na chumvi. Nyuma yake wakatoka wengine, na wengine. Namkunda akaona shamba linaondoka. Akaona mzigo wake umefungwa, njia ya kwao, na shangazi zake wanamsubiri mlangoni na pole zao.

Ng'ambo ya bonde, Mzee Kihedu aliona yote kutoka dunguni kwake. Akacheka kwanza. Akacheka mpaka akashika nguzo. Halafu akamwona yule mwanamke anafungua mdomo na kuufunga, anafungua na kuufunga, bila sauti. Kicheko kikamwisha. Akatema mate. Akatazama kulia na kushoto. Kisha akavuta pumzi, akaita:

"Ukokooo! Ukokoooo weee!"

Bonde likaitikia. Wanawake wakaacha majembe. Mkewe Mzee Kihedu akatoka mbio nyumbani na sufuria mkononi, anapiga kelele: "Baba Mchome, aibu gani hii? Mchana si umekula?"

Na mbwa akaja. Akapita kwenye mahindi kama moto wa kiangazi, Nani Kakuita nyuma yake. Yule nyani mkubwa aliacha hindi, akaacha na adabu zake zote. Jua lilipotua, shamba lilikuwa limesimama. Wazee wa ukoo walikuja, wakalitazama, wakaomba maji ya kunywa.

Baada ya mavuno, mbwa akanenepa tumbo. Watu wakasema ni ukoko huo. Asubuhi moja sauti ndogo ikasikika chini ya kitanda cha Bi Nanzia. Kumbe jike! Na amezaa mmoja. Mmoja tu, manyoya mpaka machoni.

Kabla uji haujaiva, wenye madai walikuwa wamefika. Bi Nanzia hakuhitaji kufika, yupo.

"Jina limetoka kinywani mwangu," akasema. "Mngekaa hapa mpaka leo mnaita Sangito."

"Ulikuwa unalitukana limbwa, mama, halafu ukasinzia," akasema Sengondo. "Mimi nimelitia jina masikioni mwake kwa chakula changu mwenyewe. Tazameni mbavu hizi! Bila mimi, Ukoko ni neno la jikoni tu."

Mzee Kihedu alisimama mlangoni, maana tangu ugomvi ule hakuwahi kuvuka kizingiti kile. "Mwanamke mmoja kasema, mwanamume mmoja kalisha. Vizuri. Baraza lilisema nini? Si jina mpaka mtu wa nje aliite. Nimevunja kiapo changu. Na mpaka leo nikipita sokoni naulizwa kama nimekula."

"Uliogopa nyani watahamia kwako!" Sengondo akamjibu.

"Niliogopa, ndiyo. Kwani mwenye kuogopa hana sauti?"

Wakageuka wote kumtazama Namkunda. Naye alikuwa ameketi na kile kitoto mapajani, kinamnyonya kidole. Mama mkwe akikasirika, ni neno moja tu kwa wazee wa ukoo, shamba linaondoka. Sengondo akinuna, nani atabeba mahindi mlimani? Na Mzee Kihedu akirudi na chuki yake ng'ambo ya bonde, siku sauti ikikauka tena ataita nani? Akakiinua kitoto, akainamisha kichwa atazame kama ni dume au jike, angalau ajue anachompa mtu.

Kitoto kikamkalia kiganjani.

Na kiapo ni kiapo, na mtoto wa mbwa hagawanyiki vipande vitatu. Haya, nyinyi mnaochekelea hapo na mikono mmeosha, hakuna atakayegusa ukoko wa sufuria hii kabla hajajibu: aliyelisema bila kulitaka, aliyelishindia njaa, na aliyeliita kwa aibu yake, nani hasa alimpa mbwa jina? Kitoto kile, nani alistahili kuondoka nacho?