Nani Asafiri na Masunga?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, nina kisa cha kuwapa. Lakini sikitoi bure. Nikifika mwisho kila mmoja atanilipa kwa jibu, na jibu la "sijui" silipokei, maana mwenye kisa amelisikia mpaka limemchosha.

Mwenye kisa ni Kwandu, fundi cherehani wa Sengerema, mke wa Limbu, mama wa watoto wawili: Milembe, binti mkubwa, na Masunga, mdogo wake. Masunga alizaliwa na mkono wa kulia wa ajabu. Akiwa mdogo, wenzake walipopelekwa kwenye majaruba ya mpunga kufukuza ndege kwa kelele, yeye alifukuza kwa madongo, na dongo lake lilifika pale jicho lake lilipofika. Alipoingia sekondari, Mwalimu Budodi wa michezo akamwona, akamtia kwenye besiboli.

Kwandu hakuwahi kuuelewa mchezo huo. Mmoja anarusha mpira, mwingine anasubiri na gongo aupige, na wa tatu amechuchumaa nyuma ya mwenye gongo ili audake ukipita. Mwenye gongo akiupiga, anakimbia kuzunguka uwanja mpaka anarudi alikotoka. "Sasa kama unarudi ulikotoka," Kwandu aliuliza, "ulikuwa unakimbilia nini?" Alichoelewa ni kwamba mwanawe alikuwa mrushaji, na wapigaji wa mkoa mzima walikuwa wakimwogopa.

Pembeni ya mkono huo walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Shija, mdakaji wa timu, kijana aliyemzidi Masunga miaka michache, alikuwa na sikio: mpira ukitua kwenye glovu yake alijua ulivyotoka mkononi. Eliakunda, mtaalamu wa mazoezi ya tiba katika hospitali moja jijini Mwanza, alikuwa na vidole vilivyoona chini ya ngozi. Na Milembe, dada mtu, alikuwa na ukaidi. Msicheke. Ukaidi wa Milembe mtausikia.

Mambo yaliharibika kwa sababu kila mtu aliutaka ule mkono. Masunga alirusha kwa timu ya shule. Timu ya kata ikamwazima. Timu ya wilaya ikasema na sisi je? Mtoto akawa anarusha leo huku, kesho kule, na kila kocha alijifanya hajui kuwa yupo kocha mwingine. Kwandu alipomwona mwanawe anashika kijiko kwa mkono wa kushoto, alifunga cherehani akaenda shuleni.

"Mwalimu, mwanangu anaumwa mkono."

"Mama Milembe, mkono wa kijana ni kama mpira wa manati," Mwalimu Budodi alimjibu huku akitabasamu. "Unavutika, unarudi. Usiwe na wasiwasi."

"Mpira wa manati hukatika, Mwalimu."

"Mashindano ya mkoa yakiisha atapumzika."

Hayo mashindano ndiyo yaliyomponza. Nusu fainali ilichezwa Mwanza, uwanja umejaa, na wageni wa chama cha besiboli wamekaa mbele kuchagua vijana wa timu ya taifa. Ilijulikana kwamba wanawataka wawili wa Sengerema: mrushaji Masunga na mdakaji wake, Shija.

Katikati ya mchezo Shija akasikia mlio umebadilika. Mpira uliokuwa ukitua *pa!* sasa ulitua *pufu*, kama mtu amedondosha kiroba cha pumba. Akatazama. Masunga alikuwa anafuta jasho kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ameubana kifuani. Shija akamwendea.

"Kiwiko?"

"Kaa chini udake."

"Masunga, kiwiko?"

"Nimesema kaa udake! Wageni wanatuangalia!"

Shija akarudi mahali pake. Lakini badala ya kuchuchumaa, alivua kinyago cha chuma, akakiweka chini, akaiweka na glovu juu yake, akasimama. Mwamuzi akampigia filimbi. Mwalimu Budodi akatoka mbio akipayuka. Mdakaji wa akiba hakuwapo, alikuwa amelala na malaria nyumbani kwao, na pasipo mdakaji hakuna mchezo.

"Nikikaa, atarusha," Shija alisema. "Kwa hiyo sikai."

Timu ikatolewa. Watu walimtupia chupa za maji, wakamwita mhongwa na msaliti. Masunga mwenyewe alimtemea mate miguuni. Wale wageni wakafuta jina la Shija, na shule ikamtoa kwenye timu siku hiyohiyo. Hakurudi tena uwanjani. Ukimtafuta leo, yuko gereji anaziba pancha.

Kilichofuata nusura kimtie Kwandu wazimu. Zahanati walimpa mtoto vidonge vya maumivu wakasema ni uchovu. Jirani akaleta mchuaji aliyetaka kuuvuta mkono "ukae sawa". Mwalimu Budodi akaja na mafuta ya kuchulia ng'ombe, kwa nia njema kabisa, akaapa kwamba yalishamponya binamu yake. Na mume wake Limbu, kila alipoulizwa, alisema, "Wote wanaweza kuwa na haki, mama." Kwandu akawafukuza wote isipokuwa mumewe, akampeleka Masunga Mwanza.

Ndipo alipokutana na Eliakunda. Mama yule hakuuliza mengi. Alikishika kiwiko, akafumba macho, vidole vikatembea taratibu upande wa ndani, vikasimama.

"Hapa."

Masunga akaruka kitini.

Picha ikapigwa, ikasema vilevile: kano ya ndani ya kiwiko imechanika, lakini haijakatika.

"Ungerusha mipira michache zaidi ingekatika yote," Eliakunda alimwambia. "Hapo ni upasuaji wa kupandikiza kano nyingine, na kwetu hapa wa kuufanya humpati kirahisi. Nani alikusimamisha?"

Masunga akainamisha kichwa. "Shija."

"Basi ukirudi kamsalimie Shija."

Alienda kumsalimia, na kumwomba radhi. Hilo niliseme, msije mkamwona mtoto hana adabu.

Eliakunda alijua kuwa mkono wa namna ile hauponi kwa dawa. Huponywa kwa kupumzishwa, kisha kwa mazoezi yanayobadilika kadiri kano inavyojibu, na kosa moja la haraka hurudisha kila kitu nyuma. Sengerema hapakuwa na mtu wa kuyasimamia. Kwa hiyo kila Jumamosi, siku yake ya kupumzika, alipanda basi akaja mwenyewe, akaupapasa mkono, akabadilisha zoezi, akarudi. Mvua ilinyesha, alikuja. Ikafika mahali mume wake akamuuliza kama huko Sengerema ana nyumba ya pili. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemwongezea cheo.

Lakini Jumamosi ni siku moja ya juma. Hizo nyingine nani amlinde? Kwandu yuko sokoni na cherehani, Limbu yuko kazini, na kijana mwenye mkono unaoanza kupoa ni kama ndama aliyefunguliwa kamba. Milembe alikuwa ameshapata nafasi ya chuo cha ualimu, begi limefungwa. Akalifungua.

"Nitaenda mwakani," alimwambia mama yake.

"Mwakani nafasi itakuwapo?"

"Mwakani tutajua."

Akakata mipira ya baiskeli ikawa mikanda, akamvutisha mdogo wake asubuhi na jioni kama alivyoelekezwa. Masunga akigoma, Milembe anakaa mbele yake mpaka akubali. Akitukanwa, anasubiri matusi yaishe, kisha anasema, "Haya, tuanze upya." Siku moja kijana alimsukuma akaanguka, akamfokea, "Si mkono wako huu!" Milembe alilia jikoni. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni na mikanda yake.

Kisha Mwalimu Budodi, ambaye uvumilivu haukuwa kipawa chake, akampenyezea Masunga habari kwamba kuna wageni wa siku moja, arushe kidogo tu wamwone. Kidogo tu! Kwandu akilikumbuka neno hilo hadi leo meno humuuma. Kijana akatoroka kupitia uani. Milembe alipogundua alikuwa anasonga ugali. Alikimbia na mwiko mkononi mpaka uwanjani. Akamkuta mdogo wake ameshaushika mpira, mkono umeshapanda. Akapita mbele ya mpigaji, akasimama palepale mpira unapopaswa kupita.

"Rusha," alisema, akihema. "Nipige mimi kwanza."

Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Masunga akaushusha mkono, akauweka mpira chini, wakarudi nyumbani. Jumamosi iliyofuata Eliakunda alipapasa kiwiko, akasema kano ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kushikana. Angerusha siku ile, angeikata.

Mwaka ukapita na zaidi. Eliakunda akaruhusu arushe polepole, kisha kwa umbali, kisha kwa nguvu. Mkono ukawa mzima, na wataalamu wa chama waliokuja kumpima wakasema unarusha vizuri kuliko zamani. Ndipo ulipokuja mwaliko: Masunga aende kambi ya vijana warushaji, Japani. Kwa kuwa hajafikisha umri, asafiri na msindikizaji mmoja, mtu mzima, atakayechaguliwa na mzazi. Na huyo msindikizaji, muda wote wa kambi, atasomeshwa: akitaka ukocha, ukocha, akitaka kutibu wachezaji, hilo, akitaka ualimu wa michezo, hilo pia. Mmoja tu.

Kwandu akawaita wote watatu nyumbani kwake, akapika wali. Wakaanza kwa adabu. "Aende dada Milembe." "Hapana, aende Shija." "Mimi nina kazi yangu, wachague vijana." Kwandu akagonga meza.

"Acheni kunidanganya! Kila mmoja anataka, naona machoni. Semeni niwasikie."

Shija akasema, bila kumtazama mtu, "Mama, mimi nisingesimama, leo kusingekuwa na kano ya kutibu wala mkono wa kulinda. Na nafasi yangu niliitoa palepale, mbele ya watu. Wenzangu wako timu ya taifa. Mimi naziba pancha."

"Ni kweli," Eliakunda alisema. "Lakini ulichookoa kilikuwa kimechanika, Shija. Kungojea tu kusingekishona. Na mimi sitaki kwenda kutembea. Kila mwezi naletewa viwiko vya watoto kama huyu, vingine vimeshakatika, nawarudisha makwao. Nikifundishwa huko, nitakuja kuwaponya."

Milembe alikuwa anakusanya sahani. "Yote mliyofanya yangemwagika siku ile ya mwiko uwanjani," alisema. "Dada Eliakunda alikuwa Mwanza. Shija alikuwa gereji. Na chuo changu hakikunisubiri. Nimeomba tena, nafasi zimejaa."

Kabla Kwandu hajavuta pumzi, mlango ukagongwa. Mwalimu Budodi, suti imepigwa pasi.

"Nimesikia habari za msindikizaji," alisema. "Nadhani mnakumbuka ni nani aliyemgundua kijana."

Kwandu akainuka polepole. "Mwalimu, wewe ni wa nne, na hesabu yangu inaishia watatu. Kwaheri." Akaufunga mlango yeye mwenyewe, akamgeukia mwanawe. "Haya, mkono ni wako. Sema."

"Mama, nikimtaja mmoja nimewakana wawili. Sijui."

"Sijui! Limbu?"

"Wote wana haki, mama," alisema Limbu.

"Ninajua wote wana haki!" Kwandu alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika uani. "Wangekuwa hawana haki ningekuwa nimelala! Niliwaita mnisaidie, mmenilia wali tu!"

Shija akacheka bila kutaka, Eliakunda naye akacheka, hata Milembe. Kwandu hakucheka. Alikaa chini, akajifuta uso kwa pindo la kanga, akawatazama mmoja mmoja: kijana wa gereji aliyesimama, mama wa Mwanza aliyekuja na mvua, na binti yake wa kumzaa, ambaye akimchagua watu watasema kampendelea, na asipomchagua ataishi naye nyumba moja.

Simu ikaita. Alikuwa mtu wa chama.

"Mama Milembe, shikamoo. Tunafunga majina sasa hivi. Nani anasafiri na Masunga?"

Kwandu akafungua mdomo.

Na mimi ninaishia hapo alipofungua mdomo. Msinitazame hivyo, hata mimi nimechoka kulala na swali hili. Shija alisimama, Eliakunda akaponya, Milembe akalinda. Ondoa mmoja, na mkono haupo. Wewe uliyekaa hapo mbele, simu iko sikioni mwako na mtu wa chama anangoja. Unamtaja nani, na wale wawili utawaambia nini ukishakata simu?