Karatasi ya Kumi na Tisa

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi, mlio mmoja ulisikika usiku: puu. Mara moja, kisha kimya.

Ulitoka katika nyumba ya mwanamke mmoja wa mji wa milimani, mji wa ukungu na kabichi. Asubuhi alikuta picha yake ya ukutani iko sakafuni, imelala kifudifudi. Mchwa walikuwa wamekula fremu. Walikuwa wamekula na ubao wenyewe, wakaacha rangi. Mwanamke akaigeuza taratibu, akapuliza vumbi, na sikio la picha likaondoka na vumbi. Hakupuliza tena.

Ilikuwa picha ya binti yake, na binti ndiye aliyejichora, akijitazama kwenye kioo. Alijichora katika mji wa mbali, akafa kwa homa katika mji huo huo, na mwenzake mmoja akaileta picha nyumbani. Mama alikuwa ametaka awe mwalimu. Binti alikuwa ametaka kuchora. Siku anaondoka, mama alimwambia mlangoni kwamba jina lake halitatoka tena mdomoni mwake. Halikutoka. Alipoondoka halikutoka, alipokufa halikutoka, miaka ishirini na miwili halikutoka. Majirani, ambao wangemwita kwa jina la mwanawe, walimwita Mama, wakaishia hapo. Mgeni akiuliza Mama nani, alijibiwa: Mama tu.

Mama akaiweka picha juu ya sinia, akaifunika kanga, akatembea nayo kama mtu aliyebeba uji wa moto, hadi karakana ya kuchapa picha za sanaa. Humo mlikuwa na mashine moja na watu watatu. Mashine ilikuwa printa pana kama kitanda cha futi tano, yenye wino wa rangi kumi na mbili na tabia ya kugoma siku za baridi. Watu walikuwa Kihiyo, mpiga picha. Mwasiti, msahihishaji wa rangi. Na Mbelwa, mchapaji.

"Nirudishieni uso wake kabla haujaisha," Mama akasema. "Sina mwingine."

Kihiyo akaanza. Akaweka taa kushoto, akaweka taa kulia, akafunga kamera juu ya sinia. Akaupiga uso picha, vipande arobaini, ili kompyuta ije iviunge. Kila alipobonyeza alizuia pumzi. Akabonyeza, akazuia, akabonyeza, akazuia. Kipande cha arobaini kilipokwisha, akashusha pumzi zake zote kwa pamoja, na uso ukaondoka. Kwenye sinia ulibaki unga wa rangi na nyusi moja.

Kihiyo akasema pole. Mama akauliza kama ameupata kwenye kamera. Kihiyo akasema ameupata wote. Mama akasema basi.

Mwasiti akafuata. Siku tisa alikaa mbele ya skrini, unga wa rangi ukiwa pembeni yake katika kisahani, akilinganisha kahawia na kahawia, nyekundu na nyekundu. Alichapa vipande vidogo vya majaribio, akavitazama juani, akavitazama dirishani, akavitazama chini ya taa, kwa maana rangi haina sura moja. Siku ya tisa akasema ziko sawa. Zilikuwa sawa.

Mbelwa akafuata. Sasa, karatasi ya pamba ina pande mbili. Upande mmoja umepakwa dawa ya kushika wino, upande wa pili uko mtupu, na kwa macho pande zote ni nyeupe. Mbelwa alikuwa akigusisha pembe ya karatasi kwenye mdomo wake wenye unyevu. Upande unaonata ndio wenyewe. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kukosea, na Mwasiti alizoea kumtania kwamba midomo yake ina cheo kikubwa kuliko kichwa chake.

Wakachapa karatasi ya kwanza. Mashavu yaling'aa, macho yaling'aa, hata tundu la sikio lililobaki lilionekana. Mama akaitazama.

"Huyu ni msichana mzuri," akasema. "Si wangu."

Wakapunguza wekundu, wakachapa. Si wangu. Wakaongeza kivuli, wakachapa. Si wangu. Kila iliyokataliwa ilipasuliwa siku hiyo hiyo, maana ndiyo sheria ya karakana, kitu chenye kasoro kisitoke. Na kupasua ilikuwa kazi ya Mwasiti. Alipasua nyuso kumi na saba. Kwa karatasi ya kumi na nane akarudisha rangi zote zilivyokuwa mwanzo, kwa sababu mwanzo ndio uliokuwa sawa. Mama akasema si wangu. Mwasiti akapasua uso wa kumi na nane, akaenda kunywa maji.

Asubuhi ya karatasi ya kumi na tisa baridi ilikuwa kali. Midomo ya Mbelwa ilipasuka, akaipaka mafuta ya mgando. Akagusisha karatasi upande huu, haikunata. Akaigeuza, haikunata. Angeweza kunawa mdomo. Lakini printa ilikuwa imekubali kuamka, na Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, anatazama. Mbelwa akakisia.

Wino ukazama. Uso ukatoka umefifia, weusi umekuwa majivu, mng'ao haupo. Mbelwa akasema neno ambalo hatulirudii hapa, kisha akamwambia Mwasiti apasue. Mwasiti akashika pembe, akapasua kiasi cha ukucha, akaacha.

Mama akainuka. Akaichukua karatasi mkononi mwa Mwasiti, akaitazama mpaka printa ikajizima kwa kungoja.

"Huyu ndiye," akasema. "Siku ile alisimama mlangoni, jua liko nyuma yake. Uso wake haukung'aa. Huu ndio uso nilioufukuza."



Basi, kuna desturi katika kazi hii. Chini ya picha huachwa nafasi nyeupe, na hapo msanii huandika jina lake kwa penseli. Msanii alikuwa amekufa, na Mama hakusoma. Akasema aliyemrudishia mwanawe ndiye atakayeliandika jina la mwanawe, na kando yake aandike na lake mwenyewe. Mmoja tu. Nafasi ile haikutosha majina ya kikao kizima.

Kihiyo akasema: "Niandike mimi. Bila mimi mngechapa unga."

Mwasiti akamkumbusha aliyeufanya kuwa unga. Kihiyo akasema mtu hawezi kuishi bila kupumua. Mwasiti akasema angepumua mlangoni.

Kisha Mwasiti akasema: "Niandike mimi. Rangi zilizomo humu ni zangu, zile zile za karatasi ya kwanza. Na niliambiwa nipasue, sikupasua."

"Ulianza, dada," Mbelwa akasema, akionyesha pembe.

"Nikaacha."

Akaulizwa kwa nini aliacha, na kumi na nane hakuziacha. Akasema aliona aibu, na kwamba hawezi kueleza zaidi.

Mbelwa akasema: "Niandike mimi. Nyinyi mlifanya kila kitu sawasawa mara kumi na nane, na mara kumi na nane mkaambiwa si wangu. Mimi nilikosea mara moja."

"Kwa hiyo unadai tuzo ya kosa?" Mwasiti akauliza.

"Kama lingekuwa baya mngeniachia peke yangu. Sasa limekuwa zuri, niachieni peke yangu."

Ndipo Kihiyo akasema, kwa sauti ya chini, kwamba msichana alijichora aking'aa. Zile kumi na nane ndizo zilizofuata mkono wake. Hii haikuufuata.

"Najua, mwanangu," Mama akasema. "Alijichora alivyotaka nimwone. Mimi nimeomba arudishwe nilivyomwona."

Mbelwa akachonga penseli, kwa sababu yeyote atakayeandika ataihitaji, akaiweka katikati ya meza, akarudisha mikono magotini kama wenzake.

Mama akailaza karatasi. Akaipapasa pale kwenye nafasi nyeupe. Akafungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena. Hakumtazama Kihiyo, hakumtazama Mwasiti, hakumtazama Mbelwa. Alimtazama aliye kwenye karatasi.

"Mwanamvua," akasema.

Wote watatu wamelisikia. Penseli ni moja, na iko katikati ya meza. Je, nyinyi mnaosikiliza, nani alistahili kuishika?