Kijiko cha Alfajiri

Kijiko kiligonga kikombe mara moja, kli, kisha mlango ukarudishwa polepole kama unaoomba radhi. Mama alifumbua macho gizani. Binti yake wa kidato cha nne alikuwa ametoka tena saa kumi na moja alfajiri, na kijiko kimetoka naye.

Hiyo ilikuwa asubuhi ya nne. Jirani yake, fundi cherehani, alikwisha kumtia shaka. "Shoga, kijiko cha saa hizo si cha uji. Watoto wa siku hizi wanachemshia humo madawa. Mtoe shule umlete kwangu nimfunze kushona, kabla mambo hayajakwenda mrama."

Mama alikuwa amekubali. Jumatatu binti angekaa kwenye cherehani, na mtihani wa mwisho, uliobakiza miezi mitatu, ungempita. Lakini alitaka kwanza kumfumania kwa macho yake. Alijitanda mtandio, akambeba kitindamimba wake mgongoni, akashuka ngazi akinyata kama paka.

Ghorofa ya pili, binti alikuwa akigonga nondo za dirisha kwa kijiko.

"Bi Blanketi, amka."

"Nimeamka," sauti ilikoroma kutoka ndani.

"Umeamka mdomo tu. Weka miguu sakafuni nisikie."

"Na wewe unafanya nini hapa?" Mama aliuliza, sauti kavu kama msasa.

Binti aligutuka, karibu aangushe kijiko. "Mama... hawa wenzangu wa darasani, mama zao wanafanya kazi za usiku. Hakuna wa kuwaamsha. Ukichelewa, geti limefungwa. Ukirudishwa mara tatu, unaona haya kurudi tena. Tulianza arobaini na wawili darasani. Tumebaki kumi na tisa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenikataza kutembea gizani."

Mama aliikumbuka ile cherehani ya Jumatatu: alibakiza siku chache tu awafanye kumi na wanane, kwa mkono wake mwenyewe. Kumbe giza lote lile halikuwa la ngazi, lilikuwa lake. Wahenga hawakukosea: usilolijua ni usiku wa giza.

Alinyoosha mkono akapewa kijiko, akasogea mlango uliofuata, akagonga.

Mgongoni, kitindamimba akainua kichwa, akasema kwa sauti, "Amkeni, kumekucha."