Nakiete na Ndovu wa Korongoni

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni. Zamani, zamani ile ambayo hata babu yangu aliisikia tu, liliwaka jua. Jua gani? Jua la kupasua mawe! Mvua ikakataa, mto ukakauka ukabaki korongo la mchanga, mashamba yote yakawa majivu.

Ila kibustani kimoja kilibaki kijani. Kilikuwa cha mjane aliyeitwa Nakiete, kando ya korongo: mchicha, kunde, maboga. Watoto wake walikula humo, hawakuwa na pengine.

Nakiete alichimba shimo mchangani. Alfajiri anachimba, anachota, anamwagilia. Jioni anachimba, anachota, anamwagilia. Mchana hathubutu, jua lingeyanywa maji kabla ya mizizi. Lakini maji yalizidi kushuka, hata mkono wake usiyafikie tena.

Asubuhi moja, loo! Akakuta shimo limechimbwa, refu, limejaa maji. Pembeni, nyayo kubwa kama ungo.

"Ndovu!" akasema shemeji yake, Mbonea. "Leo maji, kesho bustani. Tuzibe kwa miiba."

"Shemeji, mkono wangu haufiki tena. Asipochimba yeye, nani atachimba?"

Mbonea hakusikia. Akaziba. Basi ndovu akaja, akaondoka bila kuchimba. Maji hakuna. Majani ya maboga yakalala chini, mchicha ukanyauka, watoto wakaanza kuulizana watakula nini. Mbonea akaona haya. Akaing'oa miiba ile kwa mikono mitupu, hadi ikamtoa damu.

Kulipopambazuka wakajificha nyuma ya jiwe. Wakamwona. Wajukuu, ni kilima kinatembea! Ndovu jike na ndama wake. Akapiga magoti, akazamisha mkonga, akatupa mchanga, akazamisha, akatupa. Polepole. Kimya. Maji yakachomoza yanametameta. Ndama akanywa kwanza, mama akafuata. Kisha akageuka, akaja moja kwa moja bustanini.

Mbonea akainua mkuki. Nakiete akamshusha mkono, akatoka peke yake.

"Mama mwenzangu," akanong'ona, "mwanao amekunywa. Wangu hawajala."

Ndovu akasimama. Akanyoosha mkonga, akamnusa usoni, pumzi ya moto yenye harufu ya tope. Nakiete hakupepesa jicho. Kisha yule ndovu akachuma boga, akampa ndama, wakaenda zao. Boga moja, wajukuu! Moja tu!

Mbonea alikaa chini mchangani akalia kama mtoto. Nakiete hakuwa na nafasi ya kulia. Alishuka shimoni kuchota, maana matuta yalikuwa yanangoja na jua lilikuwa linapanda.

Nanyi mkipata maji, waachieni wengine nao wanywe, hata wale mnaowaogopa.

Kisa changu nimekitua chini. Atakayekiokota, akipeleke mbele.