Gunia Lisiloshiba

Hadithi iko mlangoni.

— Ipisheni, iingie.

Imetembea, miguu imevimba.

— Ipeni kigoda, ikae.

Ikikaa itasema.

— Nasi tutasikia.

Haya. Endeleeni kuchambua viazi, vizima huku, vilivyooza kule. Ninyi mnasikia kwa masikio, mikono haina sababu ya kusimama.

Hapo zamani, si zamani ya mbali sana maana magoti yangu bado yanaikumbuka, palikuwa na mlima kama huu, mvua kama hii, na watu waliolima viazi. Soko lilikuwa ng'ambo ya mto. Mto ulikuwa na daraja moja, na daraja lilikuwa la Bwana Lukosi. Punda walikuwa wa Lukosi. Ukitaka kiazi chako kivuke, kwanza umuuzie Lukosi. Na kiazi hakikusubiri. Kikikaa kinachipua, kinanyauka kama shavu la bibi yenu huyu. Msicheke, chambueni.

Kwenye mlima huo aliishi mjane, jina lake Subilaga. Alikuwa na binti mmoja, Tusekile. Ng'ambo palikuwa na shule, na Subilaga hakutaka kitu kingine duniani ila binti yake aingie shule hiyo. Ada ilikuwa bei ya magunia matatu ya viazi. Na mlangoni mwalimu alishika fimbo, akailaza usawa wa kifua chake. Mtoto anayepita chini ya fimbo bila kuinama anapokelewa. Aliyeizidi kwa urefu anaambiwa, umechelewa, rudi nyumbani.

Mwaka wa kwanza Subilaga alilima, akavuna magunia matatu. Matatu kamili, ya nyumbani, yaliyojaa hadi mdomoni. Akafurahi, akamwogesha mtoto.

Lukosi akaja na gunia lake la kupimia. Likajazwa hadi mdomoni. Subilaga akasema, "Limejaa, Bwana."

Lukosi akalipigapiga tumbo. "Bado halijashiba."

Akachomeka vijiti mdomoni, akazungusha wavu wa katani, viazi vikapanda juu kama kilemba. Ndiyo hiyo lumbesa mnayoisikia. Bei ikabaki ya gunia moja. Magunia matatu ya Subilaga yakapimwa, yakawa mawili.

"Mwakani," Subilaga akamwambia binti yake.

Lukosi akamtazama mtoto. "Mama Tusekile, huyu si yupo tu? Aje anishonee magunia. Nitampa kikombe cha chumvi."

Chumvi ilikuwa imeisha nyumbani. Tusekile akapewa sindano. Alichoshona ni shingo, kitambaa kirefu cha kuongeza juu ya gunia. Hakuna aliyemwambia shingo ile ni ya nini.

Mwaka wa pili Subilaga akalima hadi kwenye miamba. Akavuna manne. Lukosi akaja na gunia lenye shingo na kilemba. Likajazwa, likajazwa tena. "Limejaa, Bwana."

Alisemaje?

— Bado halijashiba.

Mmeshamjua. Manne yakapimwa, yakawa mawili. Tusekile akaiona shingo aliyoishona kwa mkono wake. Usiku alikataa kula chakula chenye chumvi ile.

Mwaka wa tatu Subilaga akalima mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Kabla ya kupima, Lukosi alikuja na kitambaa kingine, cha kupanulia tumbo la gunia. Tusekile, ambaye utosi wake sasa ulikuwa umekaribia kimo cha fimbo ya mwalimu, akasema, "Nitashona, Bwana. Ila mwaka huu sitaki chumvi. Nataka gunia moja la viazi."

Lukosi akacheka. Viazi alikuwa navyo. Akakubali mbele ya watu wote.

Subilaga alivuna matano. Yakapimwa kwa shingo, kwa kilemba, kwa tumbo. Yakawa mangapi?

— Mawili.

Mawili. Nilipokuwa mdogo nililia hapa. Siku hizi nachoka tu.

Basi Lukosi akaita, "Binti, njoo uchukue ujira wako." Akamletea gunia la nyumbani, dogo, limefungwa mdomo.

Tusekile akauliza kwa adabu, "Bwana, hili ni gunia?"

"Gunia zima. Nani hapa asiyejua gunia?"

Tusekile akaliburuta, akaliweka pembeni ya mawili ya mama yake. "Basi tunakuuzia. Sasa mama ana matatu."

Lukosi, kwa mazoea ya mdomo wake, akalipigapiga tumbo. "Bado halija..."

Akajiuma ulimi. Amechelewa. Mlima mzima umesikia. Mzee mmoja akaanza kukohoa cheko, mwingine akadakia, kisha ikatoka sauti nyuma, "Bwana, kama hilo ni gunia, tupimie na sisi kwa hilo."

"Ndiyo. Kwa hilo."

"Leo hatuuzi kwa jingine."

Lukosi hakuwa mjinga. Akamlipa Subilaga bei ya magunia matatu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Hiyo ni zawadi, mtoto huyu ana akili." Kisha akawageukia wengine. "Ninyi hamuuzi? Vizuri. Nitarudi mwezi ujao." Akaanza kuwageuza punda.

Watu wakasimama. Mikono kifuani, safu moja, imara. Nawaambia, sijaona tena safu kama ile.

Lakini viazi vilikuwa vimeanza kutoa macho. Na safuni alikuwemo Anyandwile, ambaye mkewe alikuwa amelala siku ya tisa kwa homa, na dawa iko ng'ambo. Punda wa kwanza alipokanyaga daraja, Anyandwile akashusha mikono. Akasema polepole, "Bwana. Pima."

Akapimiwa kwa shingo, kwa kilemba, kwa tumbo. Akatoka wa pili. Akatoka wa tatu. Kufika adhuhuri wote walikuwa wamepimiwa, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Msimlaumu Anyandwile. Mimi nilijaribu miaka mingi, sikuweza.

Tusekile akavuka mto siku ileile. Alipita chini ya fimbo, nywele zikiisugua. Alisoma. Leo ana nyumba ya vigae mjini, na huja sikukuu na sukari, huniuliza kama gunia ni lilelile. Ni mtu mwema. Huko mjini hununua viazi vyetu kwa ndoo ndogo, na anasema ni ghali mno.

Mnauliza Lukosi alifanya nini baada ya pale?

Alimnyang'anya Tusekile sindano kabla hajavuka. Akaigeuzageuza mkononi, akitafuta nani wa kumpa. Gunia lilihitaji mshonaji. Akamwona binti wa Anyandwile amesimama kando ya baba yake, kimo chake hakijafika hata kiwiko cha mwalimu. Nyumbani mama anaumwa, chumvi hakuna.

"Huyu si yupo tu?" akasema.

Baba akainamisha kichwa. Binti akanyoosha mkono.

Mnaona kovu hili la kidole gumba? Sindano ya gunia ni nene. Nimeshona shingo, nimeshona tumbo, nimeshona mpaka mwana wa Lukosi akarithi daraja. Macho yalipokataa ndipo nikaambiwa basi, na wiki iliyopita watu wake walikuja kuuliza kama kuna mjukuu wa kushika sindano.

Hadithi nimeifunga mdomo kwa kamba ya katani.

— Nani ataifungua?

Mwenye mkono mchanga. Ila mwenyewe achague anashona nini.

— Tumesikia.

Haya, chambueni. Punda wanakuja.