Nafasi ya Mmiliki Mmoja

Sogeeni karibu, lakini simu zenu mzizime kwanza. Siamini kitu kinachosikiliza bila kuitika.

Huko Tabora, marehemu Bi Tausi, muuza asali, aliacha watoto watatu. Mwamvua, wa kwanza, alikuwa na pua ya kunusa utapeli. Nassoro, wa kati, alikuwa na subira ya kumchosha hata mdai. Kalunde, kitindamimba, hakusahau neno likishapita masikioni mwake. Mama aliwaachia pia tovuti iliyoitwa Asali ya Tausi, na wateja wa mbali wote waliagiza humo.

Siku moja mteja wa Dodoma akapiga simu. "Jamani, mama yenu kafa juzi tu, mmeshalifanya jina lake la kamari?"

Kufungua tovuti, asali hakuna. Kumejaa matangazo ya kubeti! Kumbe jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, na muda wake ulikuwa umekwisha. Kampuni ya usajili ilituma ilani kwenye barua pepe ya marehemu, na baadaye ilipoulizwa ikasema ni bahati mbaya. Bahati mbaya gani inakuja na matangazo tayari? Mimi simo.

Hawajakaa sawa, ukaingia ujumbe: lipa hapa sasa hivi, jina lako linauzwa. Nassoro alishaanza kubonyeza. Mwamvua akampokonya simu.

"Soma vizuri! Jina la kampuni limeongezwa herufi. Hawa wezi."

Asingekuwa yeye, pesa zingekwenda na jina lisingerudi.

Wakaipigia kampuni yenyewe. Muziki. "Simu yako ni muhimu kwetu." Muziki tena. Wakatupwa idara hii na ile, na kila idara ikataka waanze upya. Mwamvua akatukana, Kalunde akalia. Nassoro akaibana simu sikioni, akala nayo, akafua nayo, hadi akapokea binadamu aitwaye Gervas.

Gervas naye hakuwaamini. "Nitajuaje kama ninyi ni wanawe? Nijibuni swali la siri aliloweka marehemu. Mnyama wake wa kwanza aliitwa nani?"

"Mama hakufuga hata kuku," Mwamvua alinong'ona.

Kalunde alikumbuka siku mama alipojaza swali hilo huku akisonya. Akaichukua simu. "Hayakuhusu."

"Unasemaje, dada?"

"Ndilo jibu lenyewe. Mama aliandika: hayakuhusu."

Gervas akakohoa. "Ni sahihi. Mkilipa ada leo, jina linarudi. Ila mwenyewe amefariki, na nafasi ya mmiliki ni ya mtu mmoja tu. Niandike nani?"

"Mimi," wakasema wote watatu.

Kisha wakatazamana, na inaniuma kuwaambia walivyotazamana. Atakayeandikwa anaweza kuliuza jina la mama, anaweza kuwafungia wenzake nje.

"Mimi ndiye niliyewazuia wezi," alisema Mwamvua.

"Na simu ungeshaikata zamani," alijibu Nassoro.

"Bila jibu langu mngekuwa bado mnasikiliza muziki," alisema Kalunde.

Yote matatu ni kweli. Gervas anauliza tena, na hakuna anayetaka kumpa mwenzake ile simu.

Haya, ninyi wasikilizaji, nitajieni jina moja. Halafu mniambie: ungekuwa mmoja wa wale wawili waliobaki, ungemwamini?